Moto Ndani ya Maji

Mama alishuka Nkuhungu na goti lililovimba,
karatasi ya rufaa kwenye pindo la kanga,
na debe la mtama mwekundu kutoka Mvumi.
"Mimi daktari atanipa dawa," alisema.
"Siku ya baba yako ikifika,
yeye nani atampa ujimbi?"

Chumba changu ni futi kumi kwa kumi.
Kitanda kimekula nusu.
Nusu iliyobaki nagawana
na pasi za watu, feni zilizoungua,
na redio tatu ambazo wenyewe walihama bila kuaga.
Tukaloweka mtama kwenye beseni la kufulia,
tukautandaza juu ya gunia, uvunguni.
Usiku wa tatu niliamka:
chini ya godoro palikuwa na umati
usio na sauti, mweupe,
unatafuta njia kwa vidole.

Kuni huku zinapimwa kama nyama.
Mkaa, mwenye nyumba kaandika ukutani kwa chokaa:
MKAA MWISHO GETINI.
Basi nikang'oa koili ya birika la hoteli iliyofungwa,
nikaifunga kwenye ndoo ya bati,
nikaiziba kwa mpira wa tyubu,
waya wa ardhini nikaufunga mara mbili
kwa sababu ya Mama.

Akainama.
"Moto wenyewe uko wapi?"
Ndani ya maji.
"Moto ndani ya maji," akarudia,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Miaka arobaini moshi wa migunga
uliyapa machozi yake kisingizio.
Mle ndani moshi haukuwepo.
Nilijifanya natafuta bisibisi.

Uji ukaanza kutoa macho, plop, plop.
Luku ilikuwa kumi na moja nukta nne,
ikawa nane, ikawa sita na kitu.
Masinjisa akagonga ukuta:
"Jirani! Unachomelea geti humo ndani?"
Mama Kezia naye, mlokole, pua dirishani:
"Mnapika nini, wapendwa?"
"Togwa," Mama akajibu.
Na kwa siku ile ilikuwa kweli.
Uongo ungeiva kesho kutwa.

Mimi nilikuwa na kipimajoto.
Mama alikuwa na kiwiko.
"Bado. Ukitia kimea sasa utakichinja."
Sabini na nne.
Akakaa kitandani, akapangusa goti,
akaniuliza kwa nini sioi.
Akachovya tena.
"Sasa."
Sitini na tano kamili.
Kipimajoto nikakirudisha kwenye droo,
nikafunga droo.

Kesho yake, tukiupika mara ya pili,
umeme ukakatika. Mtaa mzima ukaguna.
Kabla sijapata tochi Mama alishavuta blanketi,
langu, la pekee,
akaivisha ndoo kama mtoto mwenye degedege,
kisha akalala ubavuni pake,
goti bovu limeegemea bati.
"Hii ndiyo dawa," akasema gizani.
Na baadaye, nilipodhani kasinzia:
"Baba yako alikuwa anaonja kabla haijaiva,
anasema imeiva.
Kila mara. Na mimi namkubalia."

Siku ilipofika tukachuja kwa kitambaa cha pazia.
Masinjisa akapata jagi, akasahau habari ya uniti.
Mama akajikongoja mpaka mlangoni,
akasema "Mbukwa," kwa sauti ya kumsalimia mtu aliyechelewa,
akamwaga kata ya kwanza.

Saruji haikunywa.
Ule mkondo mwembamba ukafuata ufa,
ukapita kando ya ndala za Mama Kezia,
ukasita kwenye mfereji, ukavuka getini,
ukafika kwenye vumbi jekundu.
Hapo ukazama.

"Amepokea," akasema Mama,
akanigeukia:
"Umeme umebaki kiasi gani?"